SOMO LA ROBO HII: Ukanda Mwembamba Kando ya Uzio



Karibu kila kiwanja cha kanisa, shule au zahanati tunachotembelea, kuanzia Shinyanga hadi Geita, kina sehemu moja isiyo na mwenyewe. Ni ule ukanda wa mita moja, pengine moja na nusu, ulio kati ya uzio na bustani. Hapo hutupwa mifuko, hapo hupita mbuzi, na mvua ikinyesha maji huchimba mfereji. Bustani ina zamu yake ya kumwagilia. Ukanda huo haumo katika zamu wala katika bajeti. Tunaziomba kamati ziutazame upya.

Anzeni na udongo kabla ya kununua miche. Wazee wa Kisukuma hawasemi tu "udongo": kuna luseni, ule wa mchanga, kuna itogolo, wenye tabaka gumu chini, na kuna udongo mweusi wa mbuga. Chimbeni shimo la kina cha sentimita 30, lijazeni maji, yakiisha lijazeni tena. Kama asubuhi yake maji bado yamesimama, mna tabaka gumu au mfinyanzi, na tuta lenu liinuliwe. Kama yamekwisha upesi, mna mchanga unaohitaji samadi nyingi. Udongo wa mbuga una hatari ya pekee: huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Kama uzio wenu ni ukuta wa matofali, msielekeze maji kwenye msingi wake.

Maji yenyewe mnayo kuliko mnavyodhani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 20, hutoa karibu lita 2,000, na kwa kawaida zote huenda barabarani. Mfereji mdogo kutoka kwenye paa, wenye mteremko wa polepole na vizuizi vya mawe kila baada ya hatua chache, huyafikisha kwenye ukanda. Kwa eneo lenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, hili ni jambo la kwanza tungependa kuliona katika maombi ya fedha, kabla ya pampu.

Sasa uzio. Wengi wetu tuna minyaa, na kwa sababu nzuri: huota kwa kuchomeka vipande, huvumilia ukame, na mifugo haili. Lakini mizizi yake hugombania maji na mboga zenu. Acheni sentimita 50 za njia kati ya minyaa na tuta, na kila mwaka kateni kwa jembe mizizi inayovuka njia. Njia hiyo pia ndiyo nafasi ya kusimama wakati wa kupogoa. Mimi niliwahi kupogoa nikiwa nimebanwa kati ya uzio na tuta, bila miwani, utomvu ukanirukia jichoni. Nilikaa siku mbili gizani. Vaeni glavu na miwani, msiwape watoto kazi hii, na ajali ikitokea jicho lisafishwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mtu aende zahanati.

Sehemu inayobaki hutosha safu moja. Mchaichai, matembele, kunde, au mlonge unaokatwa mara kwa mara usiwe mti mkubwa. Msipande mjohoro wala mwembe hapo, hata kama miche ni ya bure.

Kuna pia njia ya kutopanda kabisa, nayo ina historia kwetu. Mwalimu Nyerere alipoiona hali ya Shinyanga katika miaka ya 1980, aliuita mkoa huu jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986. Pamoja na kupanda miti, ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua. Ngitili zilizoorodheshwa mwanzoni zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu. Ilichipua kutoka visiki na mizizi iliyokuwa hai ardhini, mifugo ilipozuiwa. Basi kabla ya kulima ukanda wenu, fungeni pengo la mbuzi, ngojeni msimu mmoja, mwone kinachochipua.

Neno la mwisho ni kwa parokia za Geita na sehemu zote zenye mialo ya dhahabu, na hili tunalisema kwa uzito. Ukanda ulioliwa na maji huhitaji kifusi, na kifusi cha bure kilicho karibu ni marudio, ule mchanga laini unaobaki baada ya kuchenjua. Unapendeza machoni, unabebeka kirahisi. Lakini wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, na zebaki hubaki humo. Mwamba wenye dhahabu waweza pia kuwa na aseniki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, ila mkataba hauondoi kilichokwisha kumwagwa. Msijaze marudio mahali pa mboga, wala mahali watoto wanapochezea.

Kama mlikwisha kujaza, msione aibu kusema. Pelekeni sampuli ya udongo ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Ziwa, iliyoko Mwanza. Gharama ya kipimo iandikwe katika bajeti, na wafadhili wetu tunawaomba wasiikate. Mpaka majibu yatoke, mchicha ulioota hapo usiliwe, majani yake yasipelekwe kwenye mboji wala kwa mbuzi, na ukanda ufunikwe kwa nyasi na maua.