Toa takwimu za mayai kwenye grupu la WhatsApp kwa mistari michache ya amri

Leo hatugusi chanjo wala kuchanganya chakula. Nataka tuongelee kumbukumbu, na hasa zile ambazo tayari unazo lakini huzitumii.

Vijana wengi wanaofuga kuku wa mayai siku hizi wanaishi mjini na banda liko nje ya mji. Kila jioni msimamizi anatuma ujumbe kwenye grupu: mayai mangapi, wamekufa wangapi, chakula kilo ngapi. Bosi anajibu "sawa" na maisha yanaendelea. Baada ya miezi sita SACCOS inaomba kumbukumbu za uzalishaji ili ifikirie mkopo, na hapo ndipo mtu anakesha akipandisha meseji kwa kidole na kunakili namba kwenye daftari. Kazi ile kompyuta inaimaliza kwa sekunde, na hata simu yako ya Android inaiweza.

Kwanza, mpe msimamizi umbo moja la ujumbe

Kompyuta haielewi "leo mayai yamepungua kidogo bosi, kama mia nne hivi". Inaelewa umbo. Kubalianeni kila banda lipate ujumbe wake, kwa herufi kubwa na namba nzima, utumwe jioni ya siku hiyohiyo:

```
BANDA A MAYAI 412 VIFO 0 CHAKULA 58
```

Maelezo mengine aandike kwenye ujumbe tofauti. Hapa ndipo penye kazi kubwa, kuliko amri zote zinazofuata. Msimamizi akizoea wiki mbili za mwanzo, umeshamaliza nusu ya safari.

Pili, toa mazungumzo yawe faili

Fungua grupu, bonyeza vidoti vitatu, tafuta sehemu ya kuhamisha mazungumzo, chagua bila picha. Utapata faili la maandishi matupu. Likija limefungwa kwenye zipu, lifungue. Liweke kwenye folda ya vipakuliwa na ulipe jina fupi, `kikundi.txt`. Ndani utaona hivi:

```
01/03/2025, 18:42 - Msimamizi: BANDA A MAYAI 412 VIFO 0 CHAKULA 58
01/03/2025, 18:45 - Msimamizi: BANDA B MAYAI 389 VIFO 1 CHAKULA 57
01/03/2025, 19:10 - Bosi: Sawa. Kesho mteja anakuja asubuhi
```

Tarehe inafuata mpangilio wa simu yako. Kama simu yako inatanguliza mwezi kabla ya siku, badilisha mpangilio kwanza ndipo utoe faili, la sivyo hesabu za mwezi zitavurugika.

Tatu, ingia kwenye sheli

Siyo sheli ya mafuta! Sheli ni ile skrini nyeusi unayoandika amri, nayo inazitekeleza. Kwenye simu ya Android weka programu ya bure iitwayo Termux. Kompyuta yenye Linux au Mac inayo tayari. Kwenye Termux anza hivi, na simu ikiomba ruhusa ya kufikia mafaili, ikubalie:

```
termux-setup-storage
cd ~/storage/downloads
```

Sasa tupepete. Amri ya `grep` ni kama chekecheke: inabakiza mistari yenye umbo unalotaka, mingine inaiacha.

```
umbo='BANDA [AB] MAYAI [0-9]+ VIFO [0-9]+ CHAKULA [0-9]+$'
grep -E "$umbo" kikundi.txt
```

Hapo `[AB]` maana yake ni herufi A au B, `[0-9]+` ni namba yoyote, na `$` ni mwisho wa mstari. Ujumbe wa mteja na salamu zote zimebaki nje.

Kinachofuata ni kupanga. Amri ya `awk` inaugawa mstari kwa nafasi, kila neno ni safu yake. Jina la mtumaji linaweza kuwa neno moja au matatu, kwa hiyo tukihesabu kutoka mwanzo tutapotea. Tunahesabu kutoka mwisho: `$NF` ni safu ya mwisho kabisa, yaani kilo za chakula. Rudi mbili unapata vifo, rudi nne unapata mayai, rudi sita unapata herufi ya banda.

```
grep -E "$umbo" kikundi.txt | awk '{print $1 $(NF-6) "," $(NF-4) "," $(NF-2) "," $NF}' > mayai.csv
```

Ile alama `|` ni bomba: kinachotoka kwenye amri ya kwanza kinaingia kwenye ya pili. Alama `>` inamwaga matokeo kwenye faili jipya. Fungua `mayai.csv` utakuta mistari kama `01/03/2025,A,412,0,58`. Hata Excel inalifungua faili hili. Na angalia, majina ya watu na maongezi yenu hayamo. Hili ndilo la kumpelekea afisa mikopo, grupu lenyewe libaki kwenu.

Nne, kagua kabla ya kuamini

Usiruke hatua hii. Chekecheke linaangusha pumba, lakini punje nayo huponyoka. Msimamizi akiandika "Banda B mayai 38O", yaani herufi O mahali pa sifuri, mstari huo hautahesabiwa na kompyuta haitakuambia kitu. Ujumbe uliorekebishwa baada ya kutumwa nao huongezewa maneno mwishoni, kwa hiyo utaachwa. Itafute mistari ya namna hiyo:

```
grep -i 'mayai' kikundi.txt | grep -vE "$umbo" > kagua.txt
```

Yaani, nipe kila mstari unaotaja mayai lakini hauna umbo letu. Isome kwa macho, rekebisha kwenye `kikundi.txt`, kisha rudia. Halafu angalia kama kuna siku imeandikwa mara mbili:

```
cut -d, -f1,2 mayai.csv | sort | uniq -d
```

Ikitoa mstari wowote, banda hilo lina taarifa mbili za siku moja. Mwisho hesabu siku za mwezi. Machi lazima upate 31:

```
grep -c '/03/2025,A' mayai.csv
```

Ukipata 29, kuna siku mbili hazina taarifa. Mpigie msimamizi, usikisie.

Tano, jumlisha kila mwezi na kila banda

```
awk -F, '{split($1,t,"/"); k=t[3] "-" t[2] " " $2; m[k]+=$3; v[k]+=$4; c[k]+=$5} END {for (k in m) printf "%s %d %d %d %.1f\n", k, m[k], v[k], c[k], c[k]/(m[k]/30)}' mayai.csv | sort
```

Usiogope urefu. Inavunja tarehe, inajumlisha mayai, vifo na chakula kwa kila mwezi na banda, kisha inagawa kilo za chakula kwa idadi ya trei za mayai 30. Chukua mfano wa mabanda mawili, kila moja lilianza Machi na kuku 500:

```
2025-03 A 12772 2 1798 4.2
2025-03 B 12059 9 1767 4.4
2025-04 A 13440 3 1740 3.9
2025-04 B 10560 14 1680 4.8
```

Sasa tusome kama wafanyabiashara. Ukijumlisha mabanda yote, Machi ulikuwa unapata mayai 801 kwa siku, Aprili 800. Mtu anayeangalia jumla atasema shamba limetulia. Lakini A imepanda kutoka 412 hadi 448 kwa siku, na B imeshuka kutoka 389 hadi 352. Banda zuri linafunika banda bovu.

Safu ya mwisho ndiyo inayogusa mfuko. Aprili, trei moja ya A imekula kilo 3.9 za chakula, ya B kilo 4.8. Kwa trei 352 za B, tofauti hiyo inapita kilo 300, yaani mifuko sita ya kilo 50 kwa mwezi mmoja. Zidisha kwa bei unayonunulia wewe, halafu uniambie kama ni pesa ya kupuuza.

Na vifo? B imepoteza kuku 23 kwa miezi miwili, A watano. Hapo sikushauri ukimbilie kuuza kuku. Mwite daktari wa mifugo kwanza. Kabla hajafika, angalia kama maji yanafika mwisho wa banda, kama mwanga unatimia saa 14 hadi 16, kama kuna utitiri kwenye viota, na chanjo ya kideri ilitolewa lini. Kama kuku wa B ni wakubwa kiumri na afya yao ni nzuri, basi anza kupiga hesabu ya kuwauza na kuingiza kundi jipya. Namba zinakuonyesha pa kuangalia. Sababu utaikuta bandani.

Ukitaka asilimia ya utagaji kila siku, ambayo daktari ataiuliza, weka idadi ya kuku wa kuanzia. Amri itapunguza vifo yenyewe:

```
awk -F, -v kuku=500 '$2=="B" {kuku-=$4; printf "%s %d %.1f\n", $1, kuku, $3/kuku*100}' mayai.csv
```

Utapata tarehe, kuku waliobaki na asilimia. Kushuka kwa ghafla ndani ya siku tatu nne mara nyingi ni ugonjwa, maji au chakula. Kushuka polepole kwa miezi mara nyingi ni umri.

Mwisho, weka amri zote kwenye skripti moja

Hakuna haja ya kuandika upya kila mwezi. Andika `nano mayai.sh`, bandika humo mstari wa `umbo`, wa kutengeneza `mayai.csv`, wa `kagua.txt` na wa jumla ya mwezi, kwa mpangilio huo. Hifadhi. Kila tarehe moja ya mwezi toa faili jipya la grupu, lipe jina lilelile, kisha:

```
bash mayai.sh
```

Wa maziwa badilisha MAYAI iwe LITA na BANDA iwe jina la ng'ombe. Wa nyanya weka KRETI. Umbo likibadilika kwenye ujumbe, libadilishe na kwenye skripti pia.

Kazi ya wiki hii ni moja tu: kubaliana na msimamizi wako umbo la ujumbe, aanze leo jioni. Ukikwama kwenye amri, nitumie mistari mitatu ya faili lako bila majina, tutaangalia pamoja. Kazi njema.