Dondoo muhimu: Bogenvilia yenye majani tele, maua haba

Huku Mbuba, bogenvilia ikipandwa kando ya migomba hula samadi ileile ya migomba, na hapo ndipo tatizo huanzia. Naitrojeni nyingi hukuza majani, nacho kivuli cha migomba huzuia maua. Acha samadi na yurea kwa msimu mzima. Kata majani ya mgomba yanayoifunika. Inahitaji jua la saa 6 au zaidi kwa siku.

Maji nayo yapunguzwe: chomeka kidole kwenye udongo, ukikuta unyevu usimwagilie. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ni rafiki yake. Ikimaliza kuchanua, pogoa ncha za matawi, kwani maua hutoka kwenye machipukizi mapya.