Gurudumu la Orffyreus: Kuisoma Tawasifu Kama Ushahidi

Mwanafunzi wa fasihi anapokabidhiwa tawasifu, swali la kwanza analofunzwa kuuliza ni nani anayesema, na anasema kwa faida ya nani. Makala haya yanalitumia swali hilo kuyasoma maisha ya Mjerumani Johann Bessler, aliyedai mwanzoni mwa karne ya kumi na nane kwamba amebuni mashine ya mwendo wa daima: gurudumu ambalo, likishasukumwa kidogo, lingezunguka bila upepo, maji, mnyama wala mkono wa mtu. Wanafizikia wana sababu zao za kumjadili. Sisi tuna yetu. Mengi yanayosimuliwa kuhusu ujana wake yametoka katika utetezi aliouandika mwenyewe, tena kwa mishororo yenye vina.

Bessler alizaliwa karibu na mji wa Zittau, Saksonia, yapata mwaka wa 1680. Alijifunza ufundi wa saa na uganga, akajichagulia lakabu ya Orffyreus. Lakabu hiyo yafaa kuchambuliwa. Zipange herufi 26 za alfabeti katika safu mbili, 13 juu na 13 chini, kisha badilisha kila herufi kwa ile iliyo mkabala nayo. B huwa O, E huwa R, S huwa F, L huwa Y, na R huwa E. Bessler hugeuka Orffyre. Ukiongeza kiambishi tamati cha Kilatini, unapata jina la mtu mwenye hadhi ya msomi. Washairi wetu wa jadi aghalabu hujitaja katika kaditama ili kazi isipotee mwenyewe. Huyu alijitaja kwa kujificha.

Gurudumu la kwanza alilionyesha mjini Gera mwaka wa 1712. Mengine yakafuata, kila moja likiwa kubwa kuliko lililotangulia, na mwanafalsafa Leibniz alikwenda kujionea mwaka wa 1714. Wapinzani nao hawakukawia. Mmoja wao, Borlach, alichapisha mchoro unaoonyesha mtu aliyejificha akilivuta gurudumu kwa kamba. Hapo ndipo Bessler alipotunga utetezi wake wa kishairi, akiwajibu mahasimu na kuyasimulia maisha yake kwa pamoja. Mpangilio huo una maana. Msomaji anayeyapokea masimulizi ya utoto na safari zake anayapokea yakiwa ndani ya hoja ya kujitetea. Yamewekwa pale ili yatushawishi. Hilo halimaanishi kuwa ni uongo. Lamaanisha kwamba hatuwezi kuyatumia kuthibitisha lile ambalo yenyewe yanalipigania.

Jaribio lililompa sifa kubwa lilifanyika katika kasri la Weissenstein, karibu na Kassel, chini ya mtawala Karl wa Hesse-Kassel. Gurudumu lilikuwa na kipenyo cha futi 12 na unene wa inchi 14 hivi, nalo lilifunikwa kwa kitambaa kilichopakwa mafuta ili mitambo ya ndani isionekane. Tarehe 12 Novemba 1717 chumba kilifungwa na mlango ukatiwa lakiri. Ulipofunguliwa baada ya majuma mawili, gurudumu lilikuwa linazunguka. Kikafungwa tena hadi tarehe 4 Januari 1718. Bado lilikuwa linazunguka. Karl, ambaye peke yake aliruhusiwa kuona ndani, alisema kwamba mtambo ule ni sahili mno. Bessler alitaka pauni 20,000 kabla ya kuifichua siri. Hakupata mnunuzi.

Mwaka wa 1721 profesa Mholanzi 's Gravesande aliikagua mihimili na asione dalili ya nguvu itokayo nje. Alimwandikia Newton kuhusu jambo hilo. Bessler, kwa hasira, alilivunja gurudumu na kuandika ukutani kwamba udadisi wa profesa ndio uliomlazimisha. Tujiulize: ukaguzi uliokuwa unamwelekea vizuri, mbona aukatize?

Mwaka wa 1727 mtumishi wake wa kike alitoa ushahidi. Alisema kwamba gurudumu lilizungushwa kwa mkono kutoka chumba cha pili, kwa zamu, na Bessler, mkewe, nduguye na yeye mwenyewe, na kwamba aliapishwa asiseme. 's Gravesande aliyapuuza maneno hayo. Kwake mtumishi hangeweza kueleza lolote la maana kuhusu mitambo. Bessler, kwa maoni yake, alikuwa mwendawazimu lakini si laghai. Hukumu hiyo inanikera. Kumbe ili mtu aseme kwamba amezungusha mpini usiku kucha, anahitaji elimu gani? Shairi la mwenye mali lilisomwa kama hoja, na kauli ya aliyefanya kazi nyumbani mwake ikachukuliwa kuwa porojo. Ni kweli kwamba kauli yake haielezi yote, hasa kile chumba kilichotiwa lakiri katika kasri. Lakini kazi za Mayer, Joule na Helmholtz katika miaka ya 1840 ziliiweka wazi kanuni ya uhifadhi wa nishati, na kwa kanuni hiyo gurudumu lisilolishwa nguvu kutoka popote haliwezi kudumu likizunguka. Palikuwapo chanzo. Kati ya mashahidi wote, ni yeye aliyedai kukijua kwa mikono yake.

Bessler aliendelea kudai. Aliacha mkusanyiko wa michoro ya mitambo ipatayo 140, pamoja na maelezo ya mwaka wa 1733 kwamba ile iliyothibitisha dai lake ameichoma na kuificha. Alifariki mwaka wa 1745, alipoanguka kutoka kwenye kinu cha upepo alichokuwa akikijenga huko Fürstenberg.