Usingizi wa Mfanyakazi wa Zamu ya Usiku

Mwongozo huu ni wa wauguzi, walinzi, madereva, waoka mikate na wote ambao kazi yao huanza wakati wengine wanaingia kulala. Msingi wake ni jambo moja lililothibitishwa na wanasaikolojia: ubongo wenye usingizi hauwezi kujipima. Mwaka 2003, Hans Van Dongen na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya watu waliopunguziwa usingizi hadi saa nne au sita kwa usiku, kwa siku 14 mfululizo. Umakini wao ulizidi kushuka hadi wakafanana na watu waliokesha usiku mmoja au miwili, ilhali wenyewe walijiona wana usingizi kidogo tu. Kwa hiyo usingoje kuhisi uchovu ndipo uchukue hatua. Tegemea mpangilio uliouweka kabla ya kuingia zamu.

Usingizi huletwa na mambo mawili. Kwanza, kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hurundikana kwenye ubongo na kuongeza hamu ya kulala. Pili, ndani kabisa ya ubongo, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, kuna fungu la seli kama 20,000 ambalo ni saa ya mwili. Saa hii hupokea habari za mwanga kutoka machoni, na giza linapoingia huruhusu homoni ya melatonini itolewe. Kwa mtu aliyezoea kulala usiku, uangalifu hufika chini kabisa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Kazi isiyovumilia kosa, kama kukokotoa dozi ya dawa, ifanywe mapema ikiwezekana. Isipowezekana, ihakikiwe na mtu wa pili.

Kahawa na chai haziondoi adenosini. Kafeini huikalia nafasi yake kwa muda tu. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Anayetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi asinywe kikombe chake cha mwisho baada ya saa saba usiku.

Ugumu mkubwa uko asubuhi. Katika nchi zetu za karibu na ikweta jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo anayetoka zamu hukutana nalo njiani, nalo huiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Kama huendeshi chombo, vaa kofia au miwani ya jua. Chumbani weka pazia zito, au kitenge kilichokunjwa mara mbili. Zaidi ya hayo, zungumza na watu wa nyumbani. Anayelala mchana huitwa mvivu, hugongewa mlango, hutumwa dukani. Mama anayetoka wodini huandaa watoto, hufua, hupika, kisha jioni hurudi kazini bila kupata hata lepe la usingizi. Kumlaumu kwamba hajitunzi ni kumwonea. Familia itenge saa zake za kulala na kuziheshimu kama inavyoziheshimu saa zake za kazi, na kazi za asubuhi zigawanywe.

Ukijilaza na usingizi usije, mitazamo ya saikolojia itakusaidia kutafuta chanzo. Mtazamo wa kibaolojia utakuelekeza kwenye mwanga, joto na kafeini. Mtazamo wa tabia unasema huenda kitanda chenyewe kimezoeleka kuwa mahali pa kugeuka-geuka. Mwanasaikolojia Richard Bootzin alipendekeza mwaka 1972 utaratibu ambao bado unatumika. Zikipita kama dakika 20 bila usingizi, toka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu, urudi tu kope zinapokuwa nzito. Simu ibaki nje ya chumba. Mtazamo wa utambuzi hutazama mawazo, hasa lile la kwamba usipolala sasa hivi kazi itaharibika. Hofu hiyo yenyewe hukesha nawe. Andika yanayokusumbua kwenye karatasi kabla ya kujilaza.

Usingizi mfupi kabla ya zamu au wakati wa mapumziko unafaa sana. Ulenge dakika 20 hadi 30, kisha subiri kama robo saa akili itulie kabla ya kushika usukani au sindano. Msimamizi asiuchukulie kuwa utoro: atenge mahali pa kupumzikia na mtu wa kushika nafasi.

Tanzania iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku mwaka 2023, kwa hiyo suala la usingizi kazini linawahusu madereva moja kwa moja. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akipitiwa na usingizi kwa sekunde nne, basi limekwenda karibu mita 90 bila mtu. Kufungua dirisha au kupandisha redio hakutoshi. Simama mahali salama, mkabidhi mwenzako usukani au ulale.

Ukikosa usingizi angalau mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, au ukiambiwa unakoroma sana na pumzi inakatika, nenda kwa daktari. Mpelekee ratiba ya zamu zako na saa ulizolala katika wiki mbili zilizopita.