Fasihi ya Kiafrika isiiruke pwani

Mwaka 1968, wasomi watatu waliokuwa Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, walitoa hoja nzito. Walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na badala yake iwepo idara ambayo Afrika ndiyo kitovu. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walisema mtu ajijue kwanza, kisha awajue wengine.

Hoja hiyo ni ya haki. Lakini sisi watu wa pwani tuna swali: katika Uafrika huo, na sisi tumo? Mara nyingi fasihi ya Kiafrika huanzishwa na riwaya za Kiingereza za miaka ya 1950, kana kwamba kabla ya hapo Mwafrika hakuwa na kalamu. Utenzi ukifunguliwa kwa Bismillahi, huambiwa huo ni wa Waarabu.

Tuchukue mfano wa hapa hapa Tanga. Sheikh Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, juu ya vita alivyoongoza Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Wajerumani waliviita vita hivyo "uasi wa Waarabu", ingawa waliopigana walikuwa wenyeji wa pwani wa kila asili. Jina hilo lilikuwa na kazi yake: kuonesha kuwa Mwafrika hana ugomvi na mkoloni. Anayeuita utenzi huu wa Kiarabu leo anarudia maneno ya Mjerumani bila kujua.

Mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Makorora atafaidi mengi humo. Atahesabu mizani na vina. Atauliza msimulizi yuko upande gani, kisha alinganishe na taarifa za wakoloni. Na kwa kuwa tenzi za zamani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kijana aliyesoma Qur'an tayari ana nusu ya ufunguo.

Aya ya 13 ya Suratul Hujurat inatufundisha kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Asiyejijua atajulikanaje?

Hatari iliyopo si kufeli mtihani. Hatari ni kijana kufaulu, kisha akaamini kuwa Uislamu wake na Uafrika wake ni maadui wawili.

Basi mwalimu wa sekondari na ustadhi wa madrasa wakae pamoja, na kila mmoja alete alichonacho. Na mzazi mwenye maandiko ya babu sandukuni ayatoe yasomwe, kabla mchwa hawajayamaliza.

Wabillahi tawfiq.