Sahani ya Jirani Mzee: Jambo la Mume na Mke



Port Reitz ni mtaa wa watu waliofuata kazi. Bandari ya Kilindini, reli, uwanja wa ndege na kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoacha kusafisha mwaka 2013, viliwavuta vijana wengi. Baadhi yao leo ni wazee. Wamefiwa na wenzi wao, watoto wako Nairobi au Arabuni, nao wamebaki peke yao katika chumba cha kupanga.

Tangu mwaka 2018 Serikali, kupitia mpango wa Inua Jamii, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee walioandikishwa wenye miaka 70 na zaidi. Fedha hizo zinasaidia, lakini haziwashi jiko wala haziketi na mtu. Anayeishi peke yake mara nyingi haoni sababu ya kupikia mdomo mmoja. Asubuhi chai ya rangi na mkate, jioni vivyo hivyo. Nguvu humwishia, na majirani husema ni uzee tu.

Huenda mzee wa namna hiyo yuko mlango wa tatu kutoka kwenu, na mmoja wenu ameanza kumpelekea chakula. Hapo ndipo nyumba nyingi hukwaruzana. Mke hutoa sahani kimya kimya, mume akigundua hununa kwamba unga hautoshi. Au mume humkaribisha mzee bila kumwuliza mke, na sufuria imekwisha pimwa. Kisha linakuja swali zito: "Mbona mama yangu kule nyumbani hatumtumii kitu?" Swali hilo ni la haki. Lijibuni kwanza. Wazazi wa pande zote mbili wawe na fungu lao, halafu mpange la jirani. Wema unaofanywa kwa siri au kwa amri huzaa ugomvi.

Mkisha kupatana, shikeni mambo manne:

1. Pimeni uwezo wenu. Siku mbili kwa juma zinazotimizwa ni bora kuliko siku saba zinazokatika. Siku nyingine zigawanywe kwa familia za jumuiya ndogo ndogo.

2. Gawaneni kazi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, wajane walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na waliochaguliwa kuhudumu ni wanaume saba. Basi mume anayerudi zamu asione haya kubeba bakuli.

3. Ulizeni kabla ya kupika. Je, ana sukari au presha? Meno yapo? Mbaazi zilizoiva laini, mchicha, na samaki aliyeondolewa miiba humfaa wengi, chumvi ikiwa kidogo. Kipelekeni kingali moto. Kwa joto la Mombasa, chakula cha mchana kisiachwe hadi usiku.

4. Ketini naye. Mjini Philadelphia, Marekani, mpango wa kuwapelekea chakula wasioweza kutoka nyumbani ulianza mwaka 1954. Katika kazi kama hiyo, anayebisha hodi ana thamani sawa na chakula chenyewe, kwa maana pengine ndiye wa kwanza kujua kwamba mzee ameanguka au amelala na homa. Ninyi hamhitaji gari. Ni hatua chache tu. Robo saa ya mazungumzo humrudishia mtu hamu ya kula.

Msimfanye ombaomba. Akitaka kuchambua mchicha wenu au kumsaidia mtoto hesabu, mwacheni, kwa maana naye anataka kutoa. Wala msiwapokonye watoto wake wajibu wao. Pateni namba zao za simu, wapeni habari za mzazi wao kwa upole, bila kuwasuta.

Watoto wenu wanawatazama. Wakimwona baba na mama wakipatana juu ya sahani ya jirani, wanajifunza jinsi watakavyowatunza ninyi.

Ya kuzungumza wawili jioni hii:
- Ni mzee gani karibu nasi anayekula peke yake?
- Wazazi wetu wanapata nini kutoka kwetu, pande zote mbili?
- Tunaweza siku ngapi kwa juma, na nani atapeleka?