Somo la Ushonaji: Mabaki ya Leso Yageuke Mfarishi

Katika vibanda vya mafundi wa nguo, kuanzia Malindi mjini hadi Mtwapa, mabaki ya vitambaa hujaza magunia na mengi huishia jaani. Nyumbani nako kuna leso zilizochakaa katikati ilhali pindo zake bado ni nzima. Mabaki hayo yanaweza kuwa mfarishi, yaani shuka nene ya viraka yenye tabaka tatu. Somo hili linaeleza jinsi kikundi cha watu 10 kinavyoweza kukaa kambi ya siku mbili na kushona mfarishi mmoja pamoja.

Si kazi ngeni Pwani

Leso yenyewe ilitokana na kuunganisha vipande. Katika karne ya 19, wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyokuwa bado havijakatwa, wakavishona sita pamoja kupata vazi moja. Jina "leso" limetoka kwa neno la Kireno, lenço. Baadaye ndipo wafanyabiashara walipoanza kuchapisha leso nzima yenye pindo, mji na jina. Akina mama wa Kimijikenda nao wameshona hando zenye marinda mengi kwa vizazi.

Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wanawake wa jamii ya Siddi, ambao mababu zao walitoka Afrika, hushona mifarishi iitwayo kawandi. Huanzia ukingoni na kuzunguka hadi katikati, wakiunganisha viraka na tabaka kwa sindano ya mkono. Kikundi kisicho na cherehani kinaweza kufuata njia hiyo.

Kabla ya kambi

Kila mshiriki alete viraka 12 vya mraba, sentimita 20 kila upande. Vitambaa vyote vifuliwe kwanza. Leso nyekundu au nyeusi ambayo haijafuliwa hutoa rangi, na ikichuja juu ya kiraka cheupe, kazi ya watu 10 imeharibika.

Kikundi kikate kipimo kimoja cha kadi ngumu na wote wakitumie hicho. Tofauti ya nusu sentimita huonekana ndogo, lakini kwa viraka 12 inakuwa sentimita 6, na safu hazitalingana.

Siku ya kwanza: uso wa juu

Tandazeni viraka vyote 120 chini, mpange rangi kabla ya kushona. Kisha kila mmoja aunganishe safu moja ya viraka 12, akiacha sentimita 1 ya mshono kila upande. Kiraka kitabaki sentimita 18. Safu 10 zikiunganishwa, uso utakuwa sentimita 180 kwa 216, unaotosha kitanda cha watu wawili. Pigeni pasi kila mshono kabla ya kuunganisha mwingine.

Siku ya pili: tabaka

Tandazeni kitambaa cha chini, juu yake blanketi jepesi kuukuu lililofuliwa, kisha uso wa viraka. Vuteni visiwe na mikunjo, mpige bandi kuanzia katikati kwenda nje. Baada ya hapo washonaji wakae pande zote nne na kushona tabaka zote kwa pamoja. Malizeni kwa kuzungushia ukingo utepe wa kitambaa imara. Anayejua amfundishe aliye karibu naye. Hiyo ndiyo faida ya kukaa kambi.

Hesabu kabla ya kuuza

Hapa ndipo vikundi vingi huumia. Watu 10 wakifanya kazi saa 8 kwa siku mbili, hizo ni saa 160. Kwa mfano, vifaa vikigharimu Sh1,500 na mfarishi ukauzwa Sh2,500, faida ni Sh1,000. Kila saa ya kazi imelipwa Sh6.25. Kikundi kikitaka angalau Sh50 kwa saa, bei haiwezi kuwa chini ya Sh9,500.

Ikiwa mnunuzi wa bei hiyo hajapatikana, ni afadhali mfarishi wa kwanza ubaki kama sampuli ya kuonyesha ufundi. Kikundi kianze kuuza mifuko na foronya za mito za viraka, ambazo hukamilika kwa saa chache. Wekeni daftari la saa za kila mwanachama, ili mgao usilete ugomvi.

Kujisajili

Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi kinahitaji wanachama wasiopungua 10, katiba na viongozi waliochaguliwa. Usajili hufanywa katika afisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Cheti husaidia kikundi kufungua akaunti ya benki na kuomba mikopo ya vikundi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini wote watumie kipimo kimoja cha kukatia?
2. Mfarishi wenu ukichukua saa 120 na vifaa vya Sh2,000, bei ya chini iwe ngapi mkitaka Sh50 kwa saa? (Jibu: Sh8,000.)
3. Nani katika kikundi chenu anajua ushonaji wa mkono, na atawafundisha lini wengine?